Bashi ya Buluu Mbele ya Bisi

Nianze na ujinga wenyewe, niutoe mdomoni kama jino bovu: nilimdanganya Papa Kambale dukani kwake, nikachukua bashi, turubai la plastiki, ambayo mama hakuichagua, nikaenda kuitandika pahali ambapo wazee waliokuja kumwomba dada yangu wangekaa. Nilikuwa na miaka tisa. Hakuna aliyenituma. Shetani nilimsingizia baadaye, lakini kwa kweli siku ile hakuonekana hata upande wetu. Nilifanya kwa akili zangu zote, na ndiyo maana mpaka leo akili hizo sizitegemei sana.

Juzi hapa masomoni habari hiyo imenirudia. Upepo ulibeba mabati ya darasa letu, tukaletewa bashi mpya, moja ya kufunga juu ya vichwa na moja ya kutandika chini. Wenzangu mlishangilia, juu somo la hesabu lingechelewa. Kwa kawaida mimi ndiye huanzisha kelele. Lakini ile ya chini ilipokunjuliwa, harufu ikanipiga: plastiki iliyolala gizani muda mrefu, kama mpira wa baiskeli uliomwagiwa mafuta ya taa. Nikanyamaza. Mwalimu akauliza kama ninaumwa. Nikasema ndiyo, niende nyumbani? Akasema kaa chini. Nikakaa, na mwili wote ukawa mzito kama wa mzee wa miaka sabini aliyepanda mlima na gunia la makala ya kupikia.

Wengi wenu mliupitia ule wakati kazi zilipokufa moja baada ya nyingine kama kuku wa kideri. Kampuni ambako papa, baba yetu, alifanya kazi ilifunga mlango asubuhi moja, watu wakasimama nje na bakuli zao za chakula cha saa sita mikononi, wakangoja hadi chakula kikapoa, wakakila palepale, wakarudi nyumbani. Tulikuwa na nyumba ya matofali kule Makomeno, na choo cha ndani kilicholia kama mtu anayejuta. Lakini nyumba ilikuwa ya kazi. Kazi ilipokwisha, nayo ikaisha. Papa akatuhamishia Naviundu, kwenye kiwanja cha rafiki yake, ambako kulikuwa na bisi moja kuukuu, yaani basi, isiyo na magurudumu, imekaa juu ya matofali kama kuku anayeatamia. Humo tukalala: papa, mama, Yaya Zaina dada yangu, na mimi. Mama akafunga turubai moja kutoka kwenye paa la bisi hadi kwenye miti minne aliyoisimika mwenyewe. Kile kivuli kikawa sebule, kikawa jiko, kikawa duka lake la kushona. Wateja wake walikuja na vitambaa vya sare za masomo, wakaketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, wakapimwa.

Kisha papa akaenda upande wa Kolwezi kutafuta mawe ya kuchimba, kama wababa wengi. Alisema wiki tatu.

Sitahesabu miezi. Nasema tu kwamba mama alitufundisha jibu moja, mimi na Yaya Zaina, la kumpa mtu yeyote atakayeuliza: "Papa eko mu safari." Na kila Alhamisi aliliteremsha shati jeupe la papa la kuendea msikitini, akalifua, akalipiga pasi ya makala, akalitundika tena ndani ya bisi, kwenye kile chuma ambacho zamani abiria walikishika wasianguke. Mimi niliamini shati huchafuka lenyewe kwa kungoja. Nilimwuliza mama kama viatu navyo huchafuka. Akasema nikachote maji.

Sasa kulikuwa na kijana mmoja, fundi wa mashine za kushona, aliyekuja kuitengeneza mashine ya mama mara tano kwa ugonjwa uleule. Hata mimi wa miaka tisa nilielewa kwamba mgonjwa si mashine. Mara ya sita alituma mtu: wazee wake wangekuja Jumapili baada ya Alasiri kubisha mlango. Yaya Zaina akacheka siku nzima bila sababu, akaunguza bukari, ugali wetu. Mama hakucheka. Alikaa kwenye ndoo, akaangalia chini, akaangalia sana. Ardhi yetu nyinyi mnaijua, ni nyekundu na ina kisasi. Mvua zikianza, inapanda miguuni, kwenye nguo, inafika mpaka kwenye chumvi.

"Bataikala pahali gani?" aliuliza, kana kwamba mimi ndiye mjumbe.

"Mama, tubaingize mu bisi. Kule kuko viti."

"Mu bisi hapana."

"Juu ya nini?" nikadai sababu.

"Juu nimesema."

Yaya Zaina ndiye aliyenieleza baadaye, kwa hasira, akinisokota masikio. Kwamba sisi ni watu wa Maniema na watu wa dini, na kwetu binti haozeshwi hewani, anaozeshwa na baba yake au ndugu wa baba. Kwamba wale wazee waliambiwa papa yuko safarini, atarudi. Kwamba wakiingia ndani ya bisi wataona magodoro, sufuria, na pahali patupu penye shati, na mtu mzima akiona pahali patupu hujua ni pa muda gani. Wakijua kwamba hatujui papa alipo, wataaga vizuri, watashukuru kwa chai, na fundi hatarudi tena hata mashine ikivunjika vipande viwili. Kwa hiyo mambo yote yalitakiwa kuanza na kuishia chini ya kile kivuli. Na ili yaishie pale, kivuli kilihitaji sakafu.

Tukaenda kwa Papa Kambale. Yeye ni mtu wa Kivu Kaskazini, aliuza vitu kwa jumla, toka misumari mpaka chumvi, na alipokunjua kitu chochote aliimba wimbo wa kanisa kwa sauti ya chini, kana kwamba bidhaa inabatizwa.

"Mama Zaina, karibu. Bashi ya kufunika ao ya kutandika?"

"Ya kutandika. Bantu bataikala juu."

"Na bilatu ao bila bilatu?" aliuliza, akionyesha viatu vyake.

"Weye Papa Kambale! Muntu anaingiaka na bilatu pahali banaswali?"

"Nauliza tu, mama. Bengine banatandikaka mu garage."

Akaleta ile nyeusi nyepesi inayouzwa kwa mita. Mama akaikunja kwa vidole, akaipulizia pumzi, akasema hii itatoa jasho, asubuhi mikeka itaoza. Akaleta nyingine nene sana, nzuri, bei ya chini, na alipoigeuza tukaona uso wa mheshimiwa mmoja, meno yote nje, kubwa kama mlango. Ilikuwa imebaki kutoka kampeni za uchaguzi.

"Hii itakaa miaka kumi," alisema Papa Kambale. "Yeye mwenyewe hakukaa miwili."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Nilikuwa tayari kuichukua, niikanyage pua kila asubuhi. Mama alisema, "Miye siwezi kusujudu ku uso wa muntu. Ata tukiigeuza, nitajua eko chini ananiangalia." Papa Kambale akamkunja mheshimiwa kwa heshima.

Zikabaki mbili. Moja ya kijivu, ya kufumwa kama gunia, nzito, na matundu ya chuma pembeni, ndogo. Nyingine ya buluu. Ee ndugu zangu, buluu ile! Iling'aa kama kitu ambacho hakijawahi kusikia habari ya udongo. Ilikuwa kubwa karibu mara mbili ya ile ya kijivu, na bei ilikuwa moja. Mama aliishika ile ya buluu muda mrefu. Akaisugua kwa dole gumba, akaiinua kwenye mwanga, akaisogeza karibu na uso. Kisha akatoa mita yake ya kushonea shingoni, akaipima ya kijivu, akahesabu midomoni, akasema, "Nitabeba hii ndogo. Inapungua kiganja kimoja kila upande. Iko sawa. Mutoto atakuja kuitwaa kesho."

Njiani sikusema kitu, na hilo peke yake lingemshtua mama kama asingekuwa amechoka. Nilikuwa nimeelewa kila kitu. Mama aliipenda ya buluu. Nilimwona akiipapasa kama anavyopapasa kitambaa cha sikukuu cha mteja, kile asichoweza kujishonea. Lakini mama alikuwa amezoea kuchukua kidogo. Kwenye nyama alichukua shingo. Kwenye kitanda alichukua ukingo. Alikuwa amesahau namna mtu anavyochukua kikubwa, hata kikubwa kikiwa bei moja na kidogo. Nilimwonea huruma, ile huruma ya mtoto ambayo ina kiburi ndani yake. Nikaamua kumfundisha.

Kwa hiyo Jumamosi nikasimama mbele ya Papa Kambale, uso umenyooka kama wa mwanafunzi bora, nikasema, "Mama anabadilisha mawazo. Anataka ile ya buluu."

"Mama yako? Yeye mwenye alipima?"

"Njo yeye, yeye mwenyewe."

Akaniangalia. Akaimba kidogo. "Basi, mama akisema." Na akaniwekea kichwani, nami nikaificha chini ya bisi hadi kesho yake.

Jumapili asubuhi mama aliondoka mapema kwenda Katuba kupeleka sare, juu masomo yangefunguliwa Jumatatu na mwalimu mkuu alikuwa anazingoja. Alikuwa amekwisha kutengeneza chini: ametoa mawe, amemwaga mafuta machafu ya gari dhidi ya mchwa, amenyunyiza majivu, na kuzunguka kivuli chote, pale ambapo maji ya turubai hudondoka, alikuwa amechimba mfereji mdogo wa kupeleka maji mtoni. Akamwambia Yaya Zaina: tandikeni bashi, kisha mikeka juu. Lakini Yaya Zaina alikuwa na kichwa nusu kimesukwa na mandazi kwenye mafuta, akaniambia mimi.

Niliitandika. Ilifunika sakafu yote, ikabaki. Ikafunika mfereji, ikabaki. Ikatoka nje ya kivuli hatua nzima kila upande, nikaibana pembe zake kwa matofali. Kwa mbali bisi yetu ilionekana kama meli. Nilijisifu peke yangu. Nilisema kimoyomoyo: wazee wakifika, hata kabla ya kuingia, watakuwa wamekwisha kukanyaga kwetu.

Na kweli. Mama alirudi jasho likimtiririka, mawingu nyuma yake, na nyuma ya mawingu wazee. Alikuwa na muda wa kunawa tu na kubadili kitenge. Sikusikia neno lolote kuhusu bashi, nikadhani hakuiona, nikavunjika moyo.

Walikuwa wawili. Mzee Ramazani, baba mkubwa wa fundi, mwili mkubwa, viatu vya ngozi vya kahawia vilivyopakwa rangi mpaka vikawa na uso wako ndani. Na dada yake mzee huyo, Mama Mwamini, mwembamba, mkimya, ambaye macho yake yalifanya kazi ya watu watatu. Wakatoa salamu. Wakafika ukingoni mwa ile buluu na, kama watu waliolelewa, wakavua viatu pale inapoanzia. Pale inapoanzia palikuwa nje ya paa. Wakatembea hatua ile kwa soksi, wakaingia kivulini, wakaketi kwenye mikeka.

"Muko na pahali pazuri," alisema Mzee Ramazani, akiangalia kotekote isipokuwa kwenye bisi.

"Tunashukuru Mungu," alisema mama.

"Baba yao, safari yake inaendelea?"

"Inaendelea."

Yaya Zaina akaleta chai ya tangawizi. Mzee akaanza yale maneno yanayozunguka, kwamba walipita, wakaona ua lenye maua, wakasema tuulize mwenye ua ni nani. Hapo mvua ikaanguka. Haikuanza, ilianguka, ile ya kwetu isiyobisha mlango.

Kwanza tulitabasamu, kwa kuwa turubai la juu lilikuwa zima. Maji yakashuka ukingoni vizuri, kama mama alivyopanga, yakaelekea kwenye mfereji. Mfereji haukuwepo. Palikuwa na buluu. Maji yakaanguka juu ya ile hatua nzima ya fahari yangu, yakajaa, yakatafuta pa kwenda, na kwa kuwa mama alikuwa amesawazisha chini vizuri sana, yakaja kwetu. Yalikuja chini ya mikeka bila sauti. Mama Mwamini ndiye wa kwanza kujua. Aliacha kunywa, akakaa wima, akatuangalia mmoja mmoja kama mtu anayetafuta mtoto aliyekojoa.

"Mayi," alisema kwa adabu. "Naona kama iko mayi."

Kisha mimi nikaona kingine, na mdomo wangu, ambao haujawahi kungoja ruhusa, ukapiga kelele: "Bilatu bya muzee binaenda!"

Vilikuwa vinaenda. Kile cha kulia mbele, cha kushoto nyuma, juu ya buluu inayong'aa, taratibu, vikaruka ukingo na kuingia kwenye maji mekundu yanayoteremka mtoni. Nikakimbia. Nilikimbia nyuma ya viatu vile katikati ya mvua mpaka kwenye mihogo ya jirani, nikakipata cha kushoto kimekwama kwenye mzizi. Cha kulia, sijui. Labda kuna samaki anaendea nacho msikitini. Nilirudi nikikibeba kwa mikono miwili kama yai.

Chini ya kivuli hapakuwa na mtu. Sauti zilitoka ndani ya bisi.

Nilisimama kwenye ngazi, sikuthubutu kupanda. Mzee Ramazani alikuwa ameketi kwenye kiti cha dereva, kwa kuwa ndicho pekee kilichomtosha, usukani kifuani, soksi zikidondosha maji. Yaya Zaina alikuwa amegeukia kioo. Mama alisimama katikati, mikono imelegea, sijawahi kumwona na mikono isiyofanya kitu. Na Mama Mwamini alikuwa mbele ya shati. Aliishika kola kwa vidole viwili, akaangalia mkunjo wa pasi.

"Unaipigaka pasi kila juma?"

"Kila juma," alisema mama.

"Toka wakati gani?"

Nilijua jibu. Tulilijua wote, lilikuwa maneno manne tu, hata mimi ningeweza kulisema kutoka kwenye ngazi. Nikafungua mdomo. Mama alinyoosha mkono nyuma bila kuniangalia, kiganja wazi, nikaufunga.

"Toka mwisho wa mvua za mwaka jana," alisema mama. "Papa yao haiko mu safari. Alienda Kolwezi, sikupata tena habari yake. Sijue kama eko muzima. Nilibadanganya, munisamehe. Mutoto wangu hana kosa."

Mzee Ramazani alikohoa, akasema kwamba ni jambo zito, kwamba wao walikuja kuuliza kwa baba, na sasa mtu angeuliza kwa nani. Aliyasema akiuangalia usukani, na mama akatikisa kichwa kukubali, kama mteja anayeambiwa kitambaa hakitoshi.

"Ramazani," alisema Mama Mwamini, "nyamaza kwanza." Bado alikuwa ameshika kola. "Wa kwangu naye alienda vile. Shati yake nilipigaka pasi mpaka ikatoboka." Akaliachia, akalinyoosha kifuani kana kwamba kuna mtu ndani. "Wali wa kumuozesha binti tutamutafuta. Ukoo wa bwana yako hauishi, ku Kindu, Maniema, banajaa. Leo tumeuliza kwa mama. Mama anasema nini?"

Mama alifunika uso kwa kitenge. Yaya Zaina ndiye aliyeanza kulia kwa sauti, mbaya sana, na kichwa chake kilichosukwa vizuri.

Walipoondoka mvua ilikuwa imepungua. Nilimkabidhi Mzee Ramazani kiatu chake cha kushoto. Alikitazama, akanitazama, akauliza, "Na ndugu yake?" Nikasema eko mu safari. Niliwaambia mdomo wangu haungoji ruhusa. Mama alifumba macho. Lakini mzee alicheka mpaka akashika mlango wa bisi, na mama akaingia ndani, akatoka na kandambili za papa, akaziweka mbele ya miguu yake. Mzee alisita. Kisha akazivaa, akasema atazirudisha wiki ijayo mwenyewe. Na alizirudisha, zimeoshwa, na akaleta baba mdogo mmoja kutoka ukoo wa papa ambaye sisi hata hatukumjua. Yaya Zaina sasa anaishi na fundi wake. Papa, mpaka leo, hatujui.

Lakini jioni ile hatukuwa na habari ya wiki ijayo. Tulibaki mimi na mama nje, maji mpaka vifundoni, mikeka imevimba. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba hata uongo ulinishinda. Nikamwambia yote: Papa Kambale, bashi ndogo, bashi kubwa, namna nilivyomwona akiipapasa. Nikangoja kofi. Nilikuwa nimekwisha kugeuza shavu, ili tumalize mapema. Mama aliinama, akashika pembe moja ya ile buluu, akamwaga maji yaliyokaa juu yake.

"Niliiona toka ku barabara, mbele ya kufika," alisema. "Nikasema niikunje. Kisha nikasema achia, ata kitu kimoja kwetu kikuwe kikubwa. Shika uko, tukunje."